Barua kwa mwanangu: mkono wako na Simfoni ya Kwanza ya Brahms

Mwanangu Neema,

Marahaba. Nimefurahi kusikia umekabidhiwa kuongoza okestra ya chuo katika Simfoni ya Kwanza ya mtunzi Johannes Brahms, ingawa mazoezi manne ni machache. Umeuliza uanzie wapi. Anzia mezani. Kabla hujasimama mbele ya okestra uwe umeshaamua kasi za sehemu zote nne na namna zinavyohusiana, kwa sababu hapo ndipo waongozaji wengi wanapoipoteza kazi hii. Mkono utaufundisha baadaye.

Fungua partitura yenye sauti zote, na kwa sasa usisikilize rekodi yoyote. Rekodi itakujaza masikioni kasi ya mtu mwingine, kisha utaidhania kuwa ni ya Brahms. Yeye hakuweka namba za metronomu (kifaa cha kupimia kasi) humu, aliandika maneno tu: Un poco sostenuto (kwa kujizuia kidogo) kwa utangulizi wa sehemu ya kwanza, Allegro (haraka) kwa kinachofuata. Jambo la kujua ni kwamba utangulizi ulikuja nyuma. Mpiga piano Clara Schumann, rafiki wa Brahms, alipoonyeshwa sehemu hii mwaka 1862, ilianza moja kwa moja na Allegro. Simfoni nzima ilipigwa mara ya kwanza Karlsruhe, Ujerumani, tarehe 4 Novemba 1876, chini ya mwongozaji Otto Dessoff, nao utangulizi ukiwemo. Ina maana vipimo 37 vya mwanzo (kipimo ni kundi la mapigo kati ya mistari miwili ya wima kwenye noti) vimechotwa kutoka kwenye Allegro, ndiyo maana ile ngazi ya nusu toni inayopanda unaikuta pande zote mbili. Ukiukokota utangulizi kama maziko, Allegro itaingia kama kazi nyingine kabisa.

Mimi ningefanya hivi: thumni (noti ya moja ya nane) ya utangulizi iwe sawa na robo yenye nukta (noti ya thumni tatu) ya Allegro, zote karibu na 96 kwa dakika. Utangulizi unauongoza kwa mapigo sita, Allegro kwa mawili, na kasi ya mkono wako haibadiliki. Watakaokuambia 96 ni haraka mno kwa utangulizi wamezoea mazoea, hawajasoma neno poco, yaani kidogo. Lakini usiwe mtumwa wa metronomu pia. Ukumbi ukiwa na mwangwi mrefu, 90 inatosha.

Sasa kipimo cha kwanza chenyewe. Umezoea kwaya. Kwenye kwaya midomo yako inatamka maneno pamoja na waimbaji, na wakichelewa unawavuta kwa uso. Wapiga fidla wanatazama noti zao, wewe wanakuona kwa pembe ya jicho. Wanachosoma ni pigo la maandalizi tu, lile la sita kabla ya la kwanza. Pigo hilo moja libebe kasi, nguvu na aina ya sauti kwa pamoja. Vuta pumzi nalo kwa sauti wanayoweza kuisikia. Usipige kipimo kizima cha bure hewani, maana hawatajua lipi ni la kuhesabu na lipi ni la kuingilia, na kuna atakayeingia mapema.

Angalia pia nguvu iliyoandikwa: ni f moja (forte, kwa nguvu). Wengi wanaanza na ff, nguvu zaidi, halafu hawana pa kwenda. Humo kuna tabaka tatu. Chini kabisa timpani (ngoma za okestra), besi kubwa na basuni kubwa (ala ya kupuliza yenye sauti nzito sana) wanagonga noti ya C bila kukoma. Fidla na selo wanapanda. Viola na ala za kupuliza wanashuka. Ukisikia timpani tu, umeshaharibu. Kwenye mazoezi wapigishe wa chini peke yao, wahakikishe kila thumni ina urefu sawa na haizidi kuwa nzito kipimo hadi kipimo. Kisha fidla na selo peke yao. Hapa kosa halichelewi kuonekana: noti zao zimeunganishwa kuvuka mapigo, na mtu akishikilia noti iliyofungwa huwa anajisahau, kwa hiyo wanachelewa nyuma ya timpani. Dawa yake ni kuwapigisha mara moja bila viunganishi, kila thumni iguswe kwa upinde, halafu uwarudishie viunganishi. Watabaki mahali pao. Kipimo cha 9 sauti inashuka ghafla. Fanya mkono uwe mdogo, kasi isiguswe.

Ndani ya Allegro utakutana na mahali ambapo noti zinajipanga kana kwamba kipimo kina mapigo matatu, na mkono wako ni wa mawili. Kishawishi ni kuwafuata. Kaa na mawili yako, madogo, yasiyo na mbwembwe. Muziki unapata mvutano kwa sababu kuna anayebaki palepale. Na mwishoni mwa sehemu hii, kipimo cha 495, pameandikwa Meno allegro, yaani haraka kidogo kuliko awali ipungue. Ni kupunguza tu. Usirudi kwenye kasi ya utangulizi hata kama timpani inagonga C kama pale mwanzo.

Sehemu ya pili na ya tatu hazitakutesa sana. Kwenye ya pili, mwishoni, fidla ya peke yake inaimba pamoja na pembe, ala ya shaba ya kupuliza: mwombe mpiga pembe apige chini ya anavyodhani inafaa, maana fidla moja haina ubavu wa kushindana naye. Kwenye ya tatu, wimbo wa klarineti una vipimo vitano, sio vinne, halafu vitano vingine ni ule ule uliopinduliwa juu chini. Ukipumua kila baada ya vinne, utamkata.

Sehemu ya nne ndiyo ya kuanza nayo siku ya kwanza ya mazoezi. Karibu na mwanzo nyuzi zote zinadonolewa kwa vidole, na kasi inaongezwa kidogo kidogo. Hapo okestra husambaratika, kwa sababu kidole hakina maandalizi yanayoonekana kama upinde, na kila mmoja anakisia. Ukitanua mkono kadiri kasi inavyopanda, unazidisha tatizo. Fanya kinyume: mkono mdogo, kifundo tu, mbele ya kifua. Gawanya mapigo mwanzoni, acha kugawanya kasi ikishashika, na waambie mapema ni kwenye pigo lipi utaacha. Wapitishe kwanza bila kuongeza kasi kabisa, kisha na kasi.

Kipimo cha 30 pembe inaingia na wimbo ambao Brahms alimtumia Clara kutoka Uswisi Septemba 1868, salamu za siku ya kuzaliwa, akieleza kuwa ni sauti ya pembe ya milimani. Kaa mbali na mpiga pembe. Mwonyeshe pigo la kuingilia, basi. Brahms amemgawia pembe wa pili kushika noti ndefu ili wa kwanza apate pumzi bila sauti kukatika. Angalia wa pili aingie bila mshindo, vinginevyo ujanja wote unasikika. Ameandika f na passionato (kwa hisia kali), kwa hiyo usiwageuze kuwa wa mbali na wa ndoto.

Halafu tromboni. Wamekaa kimya sehemu tatu nzima, karibu nusu saa, midomo imepoa, na kwenye kipimo cha 47 wanaingia kwa sauti ndogo huku tromboni ya kwanza ikiwa juu kwenye noti ya A. Usiwanyooshee kidole. Watazame kipimo kizima kabla, pumua nao, shusha mkono taratibu kama ungefanya na kwaya. Hapa malezi yako ya kwaya yanakusaidia kuliko mahali pengine popote. Na siku za mazoezi usiwaite kwa wakati mmoja na wengine.

Wimbo mkubwa wa fidla kwenye Allegro non troppo, ma con brio (haraka bila kuzidi, lakini kwa uchangamfu), watu huufanya tenzi. Mapigo manne, yanayotembea, na ukifika animato (kwa uhai zaidi), kipimo cha 94, hamia kwenye mawili. Mwishoni kabisa, kipimo cha 407, ule wimbo wa tromboni unarudi kwa okestra nzima, na desturi ni kupunguza kasi sana. Brahms hakuandika kupunguza. Ukipunguza sana, hakuna kitu kinachofuata kitakachokurudishia kasi, itabidi uisukume mwenyewe na itasikika. Mimi ningetanua mapigo mawili ya kwanza na kuendelea.

Usihangaike kwamba fidla ni chache. Okestra ya Meiningen, huko Ujerumani, iliyompigia Brahms Simfoni ya Nne kwa mara ya kwanza mwaka 1885, ilikuwa na watu 49. Ila wapange fidla za kwanza kushoto na za pili kulia, walivyokaa enzi zile, usikie wanavyojibizana.

Wiki hii kusanya karatasi za wapiga nyuzi, mpe kiongozi wa fidla aandike mielekeo ya upinde kwenye nakala yake, kisha zinakiliwe kwa wote kabla ya zoezi la kwanza. Na ulizia mapema kama chuo kina basuni kubwa. Kama hakuna, nijulishe, tutafute mtu.

Baba yako