Kwa nini tunachaji elfu thelathini kuweka Corel ya zamani kwenye Windows 11

Wiki iliyopita mteja kaondoka hapa kanuna, anasema tumemla hela, eti elfu thelathini kwa programu moja wakati kijana wa jirani anaweka kwa elfu tano na muvi anakutilia juu. Sio wa kwanza. Kila mwenye steshenari akinunua laptop mpya maneno ni yaleyale, kwa hiyo leo naeleza unalipia nini.

Wengi wenu mko na CorelDRAW X4 ya kudizaini, wengine Photoshop CS6 ya picha, na sisi hatumwambii mtu aachane nazo, ulinunua mara moja, mkono umezoea, kazi zako za miaka yote zimo humo. Ila X4 ni ya 2008, enzi za XP na Vista, CS6 ni ya 2012, na Windows 11 imetoka 2021. Ukibonyeza setapu mara inagoma katikati, mara inadai .NET 3.5, kipande cha Windows ambacho mpaka ukiwashe mwenyewe, mara inaingia vizuri lakini Photoshop kwenye skrini za siku hizi vitufe vinakuwa vidogo mpaka unainamisha pua kwenye kioo. Hilo la vitufe linatengenezeka, kuna sehemu kwenye propatizi za programu unabadilisha, ila lazima ujue ipo.

Halafu kuna fonti, hapa ndipo watu wanalia. Corel imeingia, unafungua kadi ya harusi ya mwaka jana, majina ya maharusi yametoka na mwandiko mwingine kabisa na mistari imeshuka, kwa sababu fonti zilibaki kwenye mashine ya zamani. Sisi tunazihamisha kwanza, tunakopi na mafaili yako yote kwenye hadidiski ya pembeni kabla hatujagusa kitu, ndio tunaanza kuinstoli.

Wenye plota, ile mashine ya kukata stika, msikilize vizuri. Windows 11 ni ya biti 64 tu, draiva ya plota ya zamani, yaani programu inayoiwezesha kompyuta kuongea na plota, kama iliandikwa kwa biti 32 haitafanya kazi humo hata uombe dua. Kuna kaka anakata stika za bajaji, Corel aliwekewa mtaani ikafunguka vizuri, plota haionekani, akanunua waya mpya wa USB, haionekani, alipofika kwetu alishaanza kuitafutia mnunuzi. Plota nzima! Mtengenezaji hana draiva mpya ya modeli ile, tukamfufulia desktop yake ya Windows 7, tukaikata intaneti kabisa, anadizaini kwenye laptop, anapeleka faili kwa flashi, anakatia kule. Anakata mpaka leo.

Sasa hiyo ya elfu tano. Dada mmoja wa kadi za harusi alifanyiwa, fundi kazima ulinzi wa Windows, kapiga kraki, yaani kavunja kufuli la programu ili itumike bila kulipiwa, Corel ikafunguka, wote wakafurahi. Kesho yake mafaili yote yana mkia wa herufi asizozijua, picha hazifunguki, kila folda ina kikaratasi kinaitwa _readme.txt, walioyafunga mafaili wanataka dola 980 wayafungue, ukiwahi ndani ya saa 72 ni 490. Kirusi hicho kinaitwa STOP Djvu na njia yake kubwa ni hizohizo kraki. Alipotuletea, tulichoweza kuokoa ni picha alizowahi kuwatumia wateja WhatsApp na vitu vichache vya kwenye flashi ya zamani, akakaa anachora upya kadi moja moja akiangalia simu, na harusi ilikuwa Jumamosi. Iliniuma sana, kwa sababu ile kazi ilikuwa yake ya miaka.

Na wewe unayesema bora upigiwe Windows 7 kwenye laptop mpya, wifi haitashika, tachipedi itakufa, na Windows 7 yenyewe iliacha kupata apdeti za usalama Januari 2020.

Kraki hatuweki, usituombe hata kwa elfu hamsini. Programu za siku zile kusajili nako kuna mambo yake, Adobe, wenye Photoshop, kwa mfano walishazima zamani seva za kusajili CS2, toleo la nyuma ya CS6, kwa hiyo kabla ya kukutajia bei tunaangalia kwanza toleo lako. Kuangalia ni elfu tano, ikishindikana unalipa hiyo tu.

Ukija njoo na sidii au boksi lenye seriali namba, mashine ya zamani kama bado inawaka, na faili la kazi unayoifanya sana. Mwenye plota abebe plota yenyewe, sio waya tu. Acha mashine asubuhi, jioni tunafungua faili lako mbele yako, tunaprinti au tunakata, ukiridhika ndio unalipa.