Taarifa ya mwenyekiti kwa wanachama: tenda za majengo ya serikali mwaka huu

Wanachama wenzangu, hamjambo. Mambo ya ada na hesabu mhazini atayasoma mwenyewe, mimi muda wangu nauweka kwenye tenda za majengo ya serikali, hasa ukarabati, maana ndo kazi ya wengi wetu, wakandarasi wadogo wa daraja la tano mpaka la saba.

NeST, huu mfumo wa serikali wa kuomba tenda mtandaoni, imesaidia jamani, tuseme ukweli. Tangu 2023 tulipohamia huko kutoka mfumo wa zamani wa TANePS, aliyeko Songea anaiona tenda ya Dodoma saa ile ile na aliyeko Dodoma. Sheria mpya ya ununuzi wa umma na kanuni zake nazo zimetuachia sisi wa ndani kazi zisizozidi shilingi bilioni 50. Sasa mbona tenda za ukarabati bado zinapata watu wachache?

Sababu kubwa mimi naiona kwenye BOQ, yaani orodha ya kazi na vipimo tunayowekea bei. Jengo la zamani hujui mchwa wamekula kenchi kiasi gani mpaka ufungue bati, na BOQ nyingi zimeandikwa na mtu aliyesimama chini akatazama juu, kwa hiyo anayeweza kuweka bei ya uhakika ni yule aliyefanya kazi humo mwaka jana, wengine ama wanaogopa wanaacha, ama wanajilipua na bei ya chini halafu katikati ya kazi hela imeisha na mafundi hawajalipwa. Ndo maana kamati yetu imeomba ukaguzi ufanyike kabla, dari ifunguliwe, na ripoti iwekwe kwenye nyaraka kila mzabuni aione. Kuna taasisi imetukubalia, na hilo nitalisukuma kwa nguvu mwaka ujao.

Fosi akaunti, yaani taasisi kujenga yenyewe kwa mafundi wa mtaani bila mkandarasi, najua inawauma. Yale madarasa 15,000 ya mkopo wa IMF wa 2021 yalijengwa hivyo, na haraka ilikuwepo kweli, watoto wanaanza shule Januari. Ila haraka ya mwaka ule isigeuke kuwa mazoea ya kila choo na kila ofisi ya kata.

Sasa la kwetu wenyewe, na hapa sizunguki. Kuna kusindikizana, wanakaa watatu wanapanga nani ashinde, wawili wanaweka bei za juu makusudi, na kuna kukodisha cheti kwa mtu asiyesajiliwa na CRB, bodi ya usajili wa makandarasi. Sheria ya Ushindani ya 2003 inakataza kupanga tenda, na unaweza kufungiwa usiombe tenda za serikali. Tunaomba milango ifunguliwe huku sisi ndo tunaifunga, haiwezekani! Mwanachama atakayebainika kamati ya nidhamu itamwita, awe nani.

Aliyeonewa kwenye tathmini asiishie kulalamika kwenye grupu la wasap, aandike kwa afisa masuuli, yaani mkuu wa taasisi iliyotangaza tenda, mapema maana siku ni chache, asiporidhika aende PPAA, mamlaka ya rufani za zabuni. Tunatafuta wanachama wanaojua kuandika hizo barua wawasaidie wenzao, majina yapelekwe kwa katibu kabla hatujaanza uchaguzi.