Kwa wanangu warushaji: ile fulana ya kisu

Wanangu mnaocheza besiboli hapa Dar es Salaam,

Jumamosi niliondoka uwanjani bila kumpa mtu mkono. Nasikia mmedhani nimenuna kwa sababu mlifungwa. Kufungwa mtakuzoea. Kilichonikera ni fulana: "Muuaji". "Mchinjaji". Mmoja wenu, ndevu hata hazijaota, kaandika "Mnyongaji" mgongoni na kisu kimechorwa chini yake. Mnyongaji na kisu wapi na wapi?

Miaka niliyosukuma machela hospitalini kule Kansas City, Marekani, jioni zangu zilikuwa za Joakim Soria, mzaliwa wa Monclova, Meksiko. Royals, timu ya besiboli ya mji huo, walimpata mwishoni mwa 2006 kutoka timu ya Padres, ambao hawakumweka kwenye orodha yao ya wachezaji 40 wasioweza kuchukuliwa hivyo na timu nyingine. Alikuwa mrushaji wa kufunga mlango: timu inaongoza kwa tundu la sindano, zamu ya tisa, ya mwisho, anaingia yeye kuulinda ushindi; akiulinda, huhesabiwa ameokoa mechi. Mwaka 2008 aliokoa mechi 42, na 2010 akaokoa 43. Mashabiki wakambandika Mexicutioner, yaani mnyongaji wa Kimeksiko. Nami nililiimba jina hilo, Mungu anisamehe.

Mwaka 2011 akaomba waliache. Kwao magenge ya dawa za kulevya yalikuwa yanamwaga damu, na yeye hakuona utani katika kuitwa hivyo watu wakizikwa. Jina lilikuwa limeshampa umaarufu. Akalikataa hivyo hivyo.

Sasa nyinyi. Mwezi uliopita mtaani kwetu tulimzika kijana aliyepigwa mawe kwa kusingiziwa wizi wa simu. Simu yenyewe ikaonekana chini ya kochi. Wengine wenu mlilibeba jeneza, niliwaona, mlilia. Udongo haujakauka mmevaa kisu mgongoni! Na sisi wazazi tunapiga makofi. Tena sisi ndio tuliowafundisha: mtangazaji akisema redioni kwamba fulani "kawachinja" wenzake mabao matatu, tunaongeza sauti.

Mengine kwa ufupi. Kiwiko kikiuma, semeni siku hiyo hiyo. Soria alipasuliwa kano ya kiwiko mara mbili, ya pili ikiwa 2012, na alirudi akarusha hadi 2021. Msirushe mechi mbili kwa siku, hata kocha akibembeleza. Mdakaji akidondosha mpira msimnunie. Kunyweni maji.

Soria alistaafu akiwa na mechi 229 alizookoa katika ligi kuu ya Marekani, nyingi kuliko mzaliwa yeyote wa Meksiko kabla yake. Hakuna mpigaji aliyemwonea huruma kwa kuwa hana tena jina la kutisha.

Nawapenda, ndiyo maana nimeandika badala ya kuja na fimbo. Jumamosi nakuja na kopo la rangi nyeupe na brashi mbili. Fulana ziwe zimefuliwa na kukauka. Namba nitawaachia.

Babu yenu wa benchi la nyuma