Hela za mchele wangu zinasubiri kidole cha kaka

Mhariri, shikamoo kama umenizidi umri, kama hujanizidi basi habari za kazi. Naomba kanafasi kwenye gazeti lako nitoe la moyoni maana kwenye grupu letu la wauzaji tumelia wenyewe kwa wenyewe tumechoka.

Mi naishi Uyole hapa Mbeya, nauza mchele wa Kyela mtandaoni huu mwaka wa nne. Mchele naufuata mwenyewe mashineni kule Kyela, napaki mifuko ya kilo 10, napiga picha naweka kwenye soko moja la mtandaoni (jina silitaji, wenyewe wanajijua), oda ikija nafunga mzigo na kuupandisha basi la Dar au Dodoma, mteja akishaupokea anabonyeza amepokea na kesho yake hela inaingia kwenye simu yangu. Hivyo tu. Nikipata hela Jumanne basi Jumatano alfajiri niko kwenye Coaster naelekea Kyela tena, mtaji wangu ni huo huo unazunguka, hamna mwingine uliolala benki.

Sasa Ijumaa moja saa mbili usiku ikaingia meseji, "Ndugu muuzaji, tunaboresha huduma zetu." Mhariri, ukiona mtu anakuboreshea kitu Ijumaa usiku ujue kuna jambo. Kusoma hadi chini ndio nakuta kuanzia Jumatatu malipo yote yatapitia kampuni nyingine, ile ya zamani basi, na hela itatoka baada ya siku 7 za kazi tangu mteja apokee mzigo, na kila muuzaji aweke namba ya NIDA, TIN na akaunti au namba ya simu yenye jina lile lile la kwenye NIDA, asipofanya hivyo hela yake inashikiliwa. Jumamosi na Jumapili ndio muda tuliopewa kujiandaa, na Jumapili wengine tuko kanisani.

Hapo kwenye jina ndio nikakwama. Laini ninayopokelea hela imesajiliwa kwa jina la kaka yangu. Ile presha ya kusajili laini kwa alama za vidole, mwisho wa 2019 ikasogezwa hadi Januari 20, 2020, mi nilikuwa sijaenda kujiandikisha NIDA, uzembe wangu nakiri, kaka akaweka kidole chake ili laini isizimwe, tukasema tutabadilisha baadaye. Baadaye hiyo ndio imefika. Namba ya NIDA ninayo siku nyingi tu ila laini imebaki na jina lake, na hiyo ndio namba wateja wangu wote wanayo. Nikaenda dukani kubadilisha umiliki, yule binti akaniambia mama lazima mwenye laini aje mwenyewe. Mwenye laini yuko Tunduma anafanya kazi za mpakani, kumpata siku ya kazi ni kazi. Nilipompigia akacheka mpaka akakohoa, "Yaani dada, hela zako zote zinasubiri kidole changu?" Ndio kaka, zinasubiri, njoo nacho.

Siku nne kumngoja kaka, akaja, tukabadilisha, ndaga fijo (asante sana) kaka yangu. Nikajaza upya kwenye apu ikaandika "inahakikiwa", ikakaa hivyo siku tano nyingine. Na wakati wote huo kuna mifuko 14 ilishapokelewa Dar, kila mmoja 33,000, yaani 462,000 kabla ya makato, na tisa kati ya hiyo ilipokelewa kabla hata ya ile Jumatatu. Hapa ndio sielewi mpaka leo. Mzigo nimeuza kwa utaratibu wa zamani, mteja kapokea chini ya utaratibu wa zamani, kwa nini hela yake ikaingizwa kwenye foleni ya utaratibu mpya?

Ukiuliza sokoni wanakwambia wasiliana na kampuni ya malipo, ukiwapata kampuni ya malipo (nusu saa unasikiliza muziki) wanakwambia sisi mteja wetu ni soko, wewe mama hatukutambui. Na kweli ukisoma ule mkataba tunaobonyeza "nimekubali" bila kusoma, mi nimeingia na soko, sijaingia na hao wengine. Kwa hiyo hela yangu iko kwa mtu ambaye hatujuani.

Halafu makato. Zamani soko lilikata asilimia 7 basi, sasa hivi ni 7 ile ile na juu yake asilimia 2 ya malipo. Watu wanasema 2 ni kidogo. Fanya hesabu na mimi Mhariri, asilimia 2 ya 33,000 ni 660, na kwenye mfuko mmoja nikishatoa mchele, mfuko, bajaji, basi na ile 7 yao nabaki na kama 3,500. Wao wanakata kwenye bei mi nakatwa kwenye faida, hiyo 660 ni karibu moja ya tano ya ninachopata. Na bei siwezi kupandisha maana mtu wa Dar akiona imezidi anashuka zake Manzese ananunua mchele umechanganywa anaambiwa ni Kyela, anakubali.

Kijana wangu wa chuo ndio akanionyesha kwamba haya mambo ya soko kubadili mlipaji hayajaanza na sisi. eBay, soko la mtandaoni la Marekani, waliinunua PayPal, kampuni ya malipo, mwaka 2002, wakaachana nayo 2015, Januari 2018 wakatangaza kwamba malipo yatahamia kwa kampuni ya Adyen ya Uholanzi. Lakini mkataba wao na PayPal ulikuwa unaenda mpaka 2020, kwa hiyo walianza na wauzaji wachache Marekani mwaka huo huo 2018, wakaja Ujerumani 2019, wauzaji wengi wakamalizikia 2021, na mnunuzi aliyependa kulipa kwa PayPal aliendelea kulipa hivyo hivyo. Na huko nako walilalamika sana, waliozoea kuona hela inakaa PayPal wakalazimika kuunganisha akaunti ya benki, sisemi kwamba walifurahi. Ila walilalamika wakiwa na miaka ya kujipanga, sisi tumelalamikia kwenye Coaster.

Sikatai mabadiliko jamani. Pengine kampuni ya zamani ilikuwa ghali kwao au ilikuwa inazingua, ni biashara yao. Hata hilo la kutaka jina lifanane na NIDA naliona lina maana, matapeli wamejaa, mi mwenyewe nilishawahi kupigwa na mteja hewa. Shida yangu ni kwamba gharama ya kuhama nimeibeba mimi mwenye mifuko 14 na haikubebwa na wao wenye ofisi ghorofani.

Na kuna hili la hela kulala. Siku 7 za kazi, ukiweka wikendi ni tisa au zaidi, hela za wauzaji wote nchi nzima zinakaa mahali, na hela ikikaa benki inazaa. Kwenye hela za simu tulishaona, mwaka 2014 Tigo Pesa walianza kuwagawia wateja faida ya ile hela inayokaa benki kwenye akaunti ya dhamana, ilikuwa inaingia vijisenti unashangaa vimetoka wapi. Sasa hii ya sokoni faida yake nani anakula? Nimeuliza kwenye apu mara mbili, roboti linanijibu "Asante kwa maoni yako".

Benki Kuu ndio wanaotoa leseni kwa haya makampuni ya malipo, Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa ipo tangu 2015, na tawi lao liko hapa hapa Mbeya mjini. Naomba kupitia gazeti lako watuambie, soko likibadili mlipaji muuzaji anatakiwa kupewa taarifa siku ngapi kabla? Na oda zilizokwishapokelewa zinalipwa na nani? Na nyie wenye soko kama mnasoma, endesheni njia zote mbili japo mwezi mmoja, ya zamani imalize mizigo yake na mpya ianze na mizigo mipya. Na wekeni namba ya simu anayopokea mtu, tena hata Jumamosi, maana mabasi Jumamosi yanaondoka kama kawaida.

Dada mmoja mwenzetu wa Iringa anauza vikapu vya milulu, yeye aliamua kuacha oda zote za sokoni, anawaambia wateja wamtumie hela moja kwa moja kwenye simu. Wengi wamekimbia kwa kuogopa kutapeliwa na siwalaumu. Kikapu lakini hakiozi, anaweza kukaa nacho akavizia. Mchele wa msimu unapanda bei kila wiki.

Juzi imeingia hela ya mifuko sita. Leo asubuhi mwenye mashine kule Kyela kanipigia, kuna magunia manne aliniwekea tangu wiki iliyopita, anauliza aendelee kuyashika au auze. Nimemwambia auze.

Ni mimi muuza mchele,
Uyole, Mbeya.