Shangazi, kidonge chako kinafanya hivi

Shikamoo shangazi,

Uliniuliza kwa nini wamekuanzishia kidonge cha venetoclax kwa miligramu 20 tu, ilhali dozi unayotakiwa kufika ni 400. Nakujibu hadharani kwa sababu wenye lukemia (saratani ya damu) kama yako wanaojiuliza hivyo ni wengi, na wengine wanaogopa kuwa wanameza sumu.

Seli zetu zimebeba uwezo wa kujiua zenyewe. Ndani yake mna protini iitwayo BAX, inayoelea tu huku mkia wake umekunjwa. Seli ikiharibika vibaya, BAX hujikunjua na kuuchomeka mkia huo kwenye utando wa nje wa mitokondria, pale nishati inapotengenezwa. Hushikana mbili mbili, kisha jozi huungana na jozi hadi zikafanya upinde au pete kamili. Mwaka 2016 watafiti walizipiga picha pete hizo kwa darubini. Utando hutoboka, na kinachovuja ni saitokromu c, protini ileile inayoisaidia seli kupumua! Ikishatoka, huamsha vimeng'enya viitwavyo kaspasi, navyo huikatakata seli kutoka ndani.

Tunakihitaji kifo hiki. Panya wachache waliokua bila BAX na mwenzake BAK walibaki na ngozi katikati ya vidole, maana seli zilizopaswa kufa wangali tumboni hazikufa.

Seli zako zinazougua zimejaza protini nyingine, BCL-2. Mwaka 1988 David Vaux na wenzake kule Melbourne walionyesha kwamba BCL-2 haiharakishi seli kuzaliana, bali huzikinga zisife. Kwangu hapo ndipo penye kiini cha yote. BCL-2 huwakamata waamshaji wa BAX, yaani protini zinazoichochea ijikunjue, na kuwashikilia. Kidonge chako huingia palepale wanaposhikiliwa, wakaachiwa, na BAX ikatoboa. Nguvu ya kuiua seli ilikuwemo humo humo siku zote.

Sasa, seli nyingi zikifa kwa mpigo humwaga potasiamu kwenye damu, asidi ya uriki ikapanda, figo zikaelemewa na mapigo ya moyo yakavurugika. Ndiyo maana kila wiki wanapandisha kidogo: 20, 50, 100, 200, ndipo 400. Kunywa maji mengi kama walivyokuagiza, na siku ya kupimwa damu usiikose hata ukijisikia mzima. Balungi nalo liache kabisa, shangazi. Huzuia dawa isivunjwevunjwe mwilini, ikazidi kwenye damu.