Chukua ndege ya asubuhi

Santa Fe, New Mexico
4 Agosti

Shoga yangu Mwanaidi,

Hujambo? Na mama je, mguu umepoa? Nimefurahi mno kusikia viza imetoka. Sasa kabla hujakata tiketi, nisikilize: kutoka Denver chukua ndege ya asubuhi. Ya mchana usiiguse, hata ukiambiwa ni nusu bei.

Mimi mwezi uliopita nilirudi na ya saa tisa alasiri. Safari yenyewe kama saa moja tu, lakini jua likishaichoma ardhi ya jangwa, hewa ya moto hupanda, na kile kindege kinarukaruka kama daladala kwenye makorongo. Isitoshe, msimu huu hadi Septemba mawingu ya radi hujikusanya alasiri juu ya milima ya Sangre de Cristo. Pakiti yangu ya karanga ilivimba kama puto. Tulipodunda mara ya tatu, mzee mmoja wa kofia ya pama akanishika mkono bila hodi. Hatukutazamana mpaka magurudumu yakagusa chini.

Kaa dirishani. Utaona ardhi rangi ya chungu, vichaka kama pilipili manga iliyomwagika, na mto Rio Grande kama uzi wa kijani. Mji hutauona upesi, maana nyumba nazo zina rangi ya udongo ule ule. Hata jengo la abiria limejengwa kwa mtindo huo, na ni dogo, huwezi kupotea.

Uwanja uko mita 1,935 hivi juu ya bahari, juu kuliko Nairobi. Wewe wa Raskazone, kule Tanga pwani, utapanda ngazi tatu uanze kutafuta pumzi! Kunywa maji sana, na vaselini iwe karibu. Mimi midomo ilipasuka siku ya pili. Hewa hii nyepesi inazielemea hata ndege. Siku moja ya joto kali naondoka hapa, tukaombwa baadhi yetu tujitolee kubaki, eti uzito umezidi. Mimi nikaangalia viatu vyangu.

Septemba utakuta pilipili mbichi zinachomwa barabarani, kwenye pipa la wavu linalozungushwa juu ya moto wa gesi. Hotelini watakuuliza, nyekundu au ya kijani? Sema “Christmas”, utaletewa zote mbili.

Nitakuja kukupokea. Niletee kanga doti mbili, ila zisiwe za njano.

Wako,
Zuhura