Mama Ima, kuhusu kile kiwanja cha watoto

Dublin, Oktoba 2024

Shosti wangu mama Ima,

Salamu nyingi, mama mpe shikamoo yake, na baba Ima mwambie shemeji yake anamsalimu na ile ahadi ya samaki bado hajaitimiza. Sie huku hatujambo, baridi imeingia, jioni giza linawahi, watoto wanaenda shule vizuri.

Voisi yako nimeisikiliza kwenye tramu nikitoka zamu ya usiku, nikairudia tena nyumbani, maana pale uliposema kamati inataka jibu la wapi ijengwe hospitali ya watoto kabla ya mwisho wa mwezi nilisikia sauti ya mtu ambaye halali. Nikaona nisikujibu kwa voisi, nikuandikie, hili jambo huku nimeishi nalo, kila tukikaa chumba cha chai lazima mtu alifufue, na sitaki uingie kwenye kile kikao mikono mitupu halafu mheshimiwa diwani akuzidi maneno.

Mimi ninavyoona nikwambie kabisa kabla sijaeleza: jengeni palipo na leba, pale nyuma ya wodi ya wazazi. Hizo eka za bure za kule nje ya mji, alizotoa yule mzee, ni nyingi, nimeziona kwenye picha, zinapendeza kwakweli, ila mtoto mgonjwa hatibiwi na eka.

Sasa sikiliza ya huku. Ireland ni nchi ndogo, mwaka 2006 walikuwa watu milioni nne na kidogo, na Dublin peke yake ilikuwa na hospitali tatu za watoto, Temple Street, Crumlin, na ile ya Tallaght, kila moja na mabingwa wake na foleni yake. Wakaleta washauri, mwaka huohuo 2006, wakaambiwa kwa idadi ya watoto mlionao mnatakiwa muwe na moja tu kubwa ya taifa, na ikae jirani na hospitali kubwa ya watu wazima. Hapo hamna aliyebisha sana. Ugomvi ulianza kwenye neno "wapi", kama huko kwenu tu.

Serikali ikasema ijengwe Mater, hospitali ya watu wazima katikati ya jiji upande wa kaskazini. Kiwanja finyu, na kiko ndani ya jimbo la waziri mkuu wa wakati ule, Bertie Ahern. Yeye akakataa kwamba alishinikiza, lakini maneno yakaanza siku hiyohiyo na hayakuisha, Crumlin wakagoma kukubali, Tallaght nao hivyohivyo, mwenyekiti wa bodi ya ujenzi akajiuzulu mwaka 2010. Wakaendelea wakachora jengo la ghorofa 16 kwa sababu ardhi haitoshi, ikabidi waende juu. Februari 2012 chombo cha mipango miji, wakati ule kikiitwa An Bord Pleanála, kikakataa kibali, kwamba jengo ni kubwa mno kwa kiwanja kile na litaharibu sura ya jiji la zamani. Miaka sita, mamilioni ya euro ya michoro na washauri, wakarudi sifuri! Nakuambia ukweli hapa ndo pananiuma kuliko pote, kwa sababu swali la kwanza kabisa kwa watu wa mipango miji lilitakiwa liwe hili tu, jamani pale panaruhusiwa ghorofa ngapi?

Ikaundwa timu nyingine ipitie upya, na Novemba 2012 serikali ikatangaza St James's, nayo ni ya watu wazima, upande wa kusini wa mto, ndo yenye mabingwa wa fani nyingi kuliko zote nchini. Kibali kikatoka Aprili 2016. Mtoto aliyezaliwa ule mwaka wa uamuzi wa kwanza alikuwa ameshafika miaka kumi na hamna hata tofali. Mwaka huu anatimiza kumi na nane, si mgonjwa wa wodi ya watoto tena, na hospitali yenyewe bado haijafunguliwa. Mkandarasi alitakiwa akabidhi Agosti 2022, bado. Vilivyofunguliwa ni vituo viwili vya pembeni tu, Connolly 2019 na Tallaght 2021, vya dharura ndogondogo na kliniki.

Tena mama Ima usije ukadhani upande wa pili ni watu wajinga. Hapa nataka unielewe vizuri, maana kwenye kamati yako utakutana nao na wana hoja. Huku kulikuwa na wazazi na madaktari, wengine wastaafu waliotibu watoto maisha yao yote, waliotaka ijengwe kwenye hospitali ya Connolly, kule Blanchardstown, pembeni kabisa ya barabara ya mzunguko wa jiji, M50, ardhi kubwa, hamna kubomoa wala kuchimba chini kutafuta maegesho. Nina mwenzangu kazini kwao Donegal, kule kaskazini magharibi ambako treni haifiki kabisa, kijana wa dada yake ni mgonjwa wa muda mrefu. Ananiambia wanaamka usiku, wanaendesha zaidi ya kilomita mia mbili, mtoto nyuma anatapika kwenye beseni kwa sababu ya dawa, wakifika jijini wanazunguka mtaa hadi mtaa wanatafuta pa kuegesha, baba anamshusha mama na mtoto mlangoni anaenda kuhangaika na gari, na daktari anaeleza majibu baba hayupo. Akisimulia hivyo unamwambia nini? Usimwambie kitu, msikilize. Mimi nimemsikiliza sana na namuunga mkono kwamba waliopanga walimfikiria mtu wa jijini. Ukitoka Cork au Galway kwa treni unashuka Heuston, unapanda tramu kituo kimoja tu uko St James's, safi, lakini nani anapanda treni na mtoto ambaye kinga yake imeshuka?

Kwa hiyo sio kwamba pa katikati pako sawa na nje pamekosewa. Ila bado nasimama nilipo. Sababu yangu ni moja na wewe unaijua kuliko mimi, kwa sababu umeishika kwa mikono yako.

Kichanga kimezaliwa saa nane usiku, kina shida ya moyo, rangi inabadilika, bluu. Kama watoto wako jengo la pili, unasukuma inkubeta kwenye korido, daktari wa usingizi anakuja kwa miguu, mama akizinduka anapelekwa kwa kiti cha magurudumu amshike mwanae kidole. Kama watoto wako nje ya mji, unaita ambulansi (kama ipo, kama ina mafuta), mtungi wa oksijeni unaangalia mshale unavyoshuka, nesi mmoja anaondoka na mtoto na leba inabaki na upungufu, mama anabaki kitandani na mshono wake hajui kama mtoto amefika. Na baba? Akae na nani? Hili halihitaji Ulaya. Kumbuka tulipokuwa Muhimbili, mtoto wa kichwa maji unampeleka MOI, taasisi ya mifupa na ubongo, wa moyo unampeleka kwa Kikwete, taasisi ya moyo, yote ndani ya uzio mmoja pale Upanga, ulikuwa unalalamika miguu inauma! Ningekuwa karibu ningekukumbusha kila siku.

Na huku kosa lao ndo hili, wala sio kiwanja. Walipochagua St James's walisema hospitali ya uzazi ya Coombe itahamia palepale, wakubwa, uzazi na watoto pamoja. Maneno mazuri mno. Mpaka leo naandika Coombe iko palepale ilipokuwa, jengo jipya la uzazi halijaanza. Sio mbali, ni mwendo mfupi kwa gari, lakini kwa kichanga kilicho kwenye mashine ya kupumulia "mwendo mfupi kwa gari" ni safari. Sasa wale wa Connolly nao walikuwa wanaahidiwa hospitali ya uzazi ya Rotunda ihamie kwao, nayo haijahama. Kila upande ulijenga hoja kwa jengo ambalo halipo. Ndo maana nakwambia wewe una bahati, leba yenu ipo, inafanya kazi, ina watu. Ukubali kuiacha ukafuate ahadi ya kwamba "awamu ya pili tutajenga wodi ya wazazi huko huko"? Awamu ya pili nani ameiona?

Kuhusu pesa, najua mhasibu wenu atasema kubana ndani ya mji ni ghali, mfano hata Dublin. Mwambie hivi. Aprili 2017 waliidhinisha euro milioni 983. Mwisho wa 2018 ikawa bilioni 1.43. Februari mwaka huu serikali imeidhinisha bilioni 2.24, na watu huku wakisikia hiyo namba wanatukana. Kiwanja finyu kimechangia, sikatai, kuchimba, maegesho ya chini kwa chini, kujenga huku hospitali nyingine inaendelea na kazi. Lakini kilichowaumiza zaidi ni kwamba walisaini wakaanza kuchimba msingi michoro haijakamilika, bei ya jengo lenyewe ikaja kupangwa baadaye wakati mkandarasi yuko ndani tayari. Ukishamweka mtu ndani na shimo limechimbwa, unabishana nae nini? Hiyo ingewapata hata porini. Kwa hiyo hata mkishinda mkapata pale nyuma ya wodi ya wazazi, usikubali koleo liguse ardhi kabla michoro yote haijaisha, ya umeme, ya maji taka, ya oksijeni, yote. Tena wewe kama nesi kaa na mchoraji. Mlango wa thieta upana gani, kitanda kinakata kona? Sinki la kunawa liko wapi? Mambo hayo hakuna mhandisi atakayeyajua bila nyie.

Kitu kimoja kizuri cha huku nataka mkiibe kabisa. Kwenye jengo jipya kuna vyumba 380 vya kulaza, kila mtoto chumba chake na choo chake, na ndani kuna kitanda cha mzazi. Najua chumba kimoja mtoto mmoja kwetu sio leo. Ila mzazi kupata pa kulala, hilo linawezekana kesho asubuhi. Mama mmoja wa kwetu hapa, sitamtaja, alilala kwenye kiti wiki nzima pembeni ya kitanda cha mwanae kwenye hospitali moja huku huku Ulaya, miguu imevimba, maziwa yamekata. Na huko kwenu wanalala chini ya vitanda juu ya kanga, unawaruka ukipita na trei ya dawa. Lipiganie hilo, banda la wazazi lenye vitanda, bomba na jiko, liingie kwenye mchoro wa kwanza. Likiachwa halitakuja kuongezwa.

Na wale wa mbali usiwasahau, wale wenzake na yule wa Donegal. Wale wa visiwani na wa kule bondeni ambao gari ni moja kwa siku. Kama hospitali inakaa mjini basi kliniki za marudio ziwafuate, daktari aende mara moja kwa mwezi, kwa nini mtoto wa kupima damu tu asafiri siku nzima? Hivyo vituo viwili vya pembeni vya huku ndo vilikuwa na wazo hilo na vinafanya kazi vizuri. Hapo ndo zile eka za bure zingefaa! Kachukueni kipande mjenge kituo cha nje, mzee aliyetoa ardhi asione amedharauliwa, na mheshimiwa apate cha kuzindua.

Yani nikifikiria nakasirika upya, kwa sababu huku kuna pesa, wataalamu wapo, na bado miaka kumi na nane imepita watoto wako kwenye majengo ya zamani. Na mabingwa wenyewe wa zile hospitali tatu walikuwa wanagombana magazetini... basi, nisiendelee na hilo, wewe unao wako wa kugombana nao.

Sasa nijibu haya, na usinitumie voisi ndefu, andika. Pale nyuma ya wodi ya wazazi mmepima kweli au mnakadiria kwa macho? Kile chumba cha kufulia cha zamani kikibomolewa mnapata nafasi ya magari ya wagonjwa kugeuza? Mipango miji wameulizwa ghorofa ngapi zinaruhusiwa, kwa barua sio kwa mdomo? Umeme na maji vitatosha au vitagawanywa na wodi zilizopo? Matroni yuko upande gani, na yule daktari wetu wa watoto, bado anasema anaondoka? Kwenye kamati wanawake mko wangapi, na kuna mzazi hata mmoja aliyewahi kulaza mtoto? Maana kama hayupo, mwiteni mama Kulwa, yule akianza kusimulia hamna atakayeongelea eka tena.

Nitumie picha ya mchoro wa kiwanja kabla hujaenda, hata kama umechorwa kwa kalamu. Kesho kutwa niko nyumbani mchana wote, nipigie, tupange utasema nini kwanza. Na mwambie Ima zile viatu nimempatia mtu anayekuja Desemba, saizi niliyokadiria ni 36, akinipinga aniambie mapema.

Wako,
Mama Tunu